Mieleka mashuleni: je, njia mbili zitamshinda kijana?

 Leo tunaelekea Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, kuangalia suala linalowagusa wazazi, walimu na makocha wengi, wakiwemo wale wa Afrika Mashariki. Vipi mchezo wenye wachezaji wachache kama mieleka unaweza kukuzwa miongoni mwa wanafunzi wa shule za sekondari? Na je, ni sawa kumwita mwanafunzi ambaye tayari anacheza soka, judo au mpira wa kikapu aje kuongeza mchezo mwingine?

Kabla ya kuendelea, inafaa kuondoa utata mmoja. Wengi wetu tukisikia neno mieleka hukumbuka yale maonyesho ya televisheni kutoka Marekani, ambamo mashujaa waliovaa mavazi ya kutisha huruka kutoka juu ya kamba, na mshindi hupangwa kabla ya pambano. Hiyo si mieleka tunayoizungumzia hapa. Tunazungumzia mchezo wa Olimpiki ambao lengo lake ni kumwangusha mpinzani na kuyabandika mabega yake yote mawili chini. Hapana kupiga ngumi, hapana kupiga teke, hapana kukaba koo. Michezo ya Olimpiki ina mitindo miwili ya mieleka: ule wa Kigiriki na Kirumi, ambao hauruhusu kushika miguu ya mpinzani, na mtindo huru, ambao unaruhusu. Wanawake hushindana katika mtindo huru, na waliingia katika Olimpiki kwa mara ya kwanza mjini Athens mwaka 2004.

Ubelgiji si nchi ngeni katika mchezo huu. Mwaka 1956, katika Michezo ya Olimpiki ya Melbourne, Mbelgiji Joseph Mewis alitwaa medali ya fedha katika mtindo huru. Hata hivyo, tangu miaka hiyo ni judo iliyowavuta vijana wengi zaidi. Robert Van de Walle alipata dhahabu ya judo mjini Moscow mwaka 1980, na Ulla Werbrouck akapata nyingine mjini Atlanta mwaka 1996. Ushindi wa aina hiyo huwafanya wazazi wawapeleke watoto katika klabu za judo, na klabu za mieleka zikabaki na wachache.

Sasa basi, mwanafunzi wa Brussels hufanya michezo wapi? Ikumbukwe kwamba nchini Ubelgiji, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya bara la Ulaya, shule si kitovu cha michezo ya ushindani. Shule hufundisha elimu ya viungo, lakini timu na ligi ni mali ya klabu. Siku ya Jumatano masomo humalizika adhuhuri, na mchana huo ndio hutumiwa na watoto wengi kwa mazoezi ya klabu au kwa mashindano yanayoandaliwa na mashirikisho ya michezo ya shule. Mzazi hulipa ada ya mwaka, na bima za afya za nchi hiyo hurejesha sehemu ya ada hiyo. Hili ni jambo ambalo familia zilizohamia kutoka Kivu, Katanga au Burundi zinafaa kulijua, kwani mara nyingi ada ndiyo inayomzuia mtoto.

Aidha kuna suala la lugha. Michezo nchini Ubelgiji haiongozwi na serikali kuu bali na jumuiya za lugha. Wanaozungumza Kifaransa wana idara yao iitwayo Adeps, na wanaozungumza Kiholanzi wana yao iitwayo Sport Vlaanderen. Brussels, yenye manispaa 19, iko chini ya mikono yote miwili. Tangu mwaka wa masomo wa 2022 hadi 2023, shule za Kifaransa zimebadili kalenda yao na kuwa na takriban wiki saba za masomo zikifuatiwa na wiki mbili za mapumziko, ilhali shule za Kiholanzi zimeendelea na kalenda ya zamani. Matokeo yake ni kwamba katika mtaa mmoja wa Anderlecht au Molenbeek, mtoto wa jirani huyu anaweza kuwa likizoni wakati wa jirani yule yuko darasani. Kocha anayetaka wanafunzi kumi na watano juu ya mkeka siku moja ana kazi ya kupanga kwelikweli.

Brussels ndiko pia yaliko makao makuu ya Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Shule, lililoundwa mwaka 1972 huko Beaufort, Luxembourg. Shirikisho hilo huandaa michezo ya wanafunzi wa dunia iitwayo Gymnasiade, ambayo ilianza mjini Wiesbaden, Ujerumani, mwaka 1974. Mieleka ilikuwemo katika ile iliyofanyika Normandy, Ufaransa, mwaka 2022, na katika ile ya Bahrain mwaka 2024. Kwa maneno mengine, mwanafunzi anayejifunza mieleka leo ana jukwaa la dunia linalomngojea kabla hata hajamaliza sekondari.

Ili kuelewa jinsi mchezo huu unavyoweza kukua, yafaa tutupie jicho Marekani, ambako mambo ni kinyume na Ubelgiji. Huko shule ya sekondari yenyewe ndiyo yenye timu, kocha na ratiba. Mashindano baina ya shule mbili hugawanywa kwa uzani, na kila jimbo huchagua kuwa na ngazi 12, 13 au 14. Timu isiyo na mwanamieleka katika uzani fulani huwapa wapinzani pointi sita bila jasho kutoka. Kwa hiyo kocha hana budi kuzunguka shule nzima akitafuta. Anamtaka mwembamba wa kilo 48 kama anavyomtaka mnene wa kilo 120. Kijana mfupi ambaye timu ya mpira wa kikapu haimtazami mara mbili, hapa ana nafasi yake iliyoandikwa kwa jina la uzani wake. Hii ndiyo hoja kubwa zaidi ambayo makocha hutumia kuwavuta wanafunzi.

Hoja ya pili ni wasichana. Katika mwaka wa masomo wa 2022 hadi 2023, wasichana wapatao 50,000 walishiriki mieleka katika shule za sekondari za Marekani, na mwaka uliofuata idadi hiyo ilipindukia 64,000. Mwezi Januari mwaka 2025, chama kikuu cha michezo ya vyuo vikuu vya nchi hiyo, NCAA, kiliipa mieleka ya wanawake hadhi ya mchezo wenye ubingwa wa taifa. Mlango wa chuo ukifunguka, shule nazo huona faida ya kuanzisha timu.

Kwa hakika, mchezo huu ulijifunza kwa njia ngumu kwamba usipotafuta watu wapya hufa. Mwezi Februari mwaka 2013, Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa, wakati huo ikiongozwa na Mbelgiji Jacques Rogge, ilipendekeza mieleka iondolewe katika michezo ya mwaka 2020. Rais wa shirikisho la mieleka alijiuzulu, kanuni zikarekebishwa ili watazamaji waelewe nani anaongoza, na wanawake wakaongezewa ngazi za uzani kutoka nne hadi sita. Mwezi Septemba mwaka huohuo, mjini Buenos Aires, wajumbe walipiga kura na mieleka ikapata kura 49, dhidi ya 24 za besiboli na softiboli na 22 za skwoshi. Mchezo uliokuwepo tangu Ugiriki ya kale ulinusurika kwa kukubali kubadilika.

Wasikilizaji wapenzi, sasa turejee katika lile swali la msingi. Wazee wetu walisema njia mbili zilimshinda fisi, na wakasema tena mshika mawili moja humponyoka. Je, si kumpoteza kijana kumwambia acheze soka majira haya na mieleka majira yale?

Wataalamu wa tiba ya michezo wana maoni tofauti na ya fisi. Mwaka 2015, Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ilitoa tamko la wataalamu kuhusu makuzi ya wanamichezo vijana, likihimiza watoto wapitie michezo mbalimbali. Mwaka uliofuata, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri kwamba kijana asijifunge na mchezo mmoja hadi afikie takriban umri wa miaka 15 au 16. Kilishauri pia kwamba apumzike siku moja au mbili kila wiki, na jumla ya miezi mitatu kila mwaka mbali na mchezo wake mkuu. Sababu ni nyepesi kueleweka. Mwili unaokua ukirudia mwendo uleule mwaka mzima, viungo vilevile huchakaa, na moyo nao huchoka.

Mifano haikosekani. Ferdinand Omanyala wa Kenya alikuwa mchezaji wa raga kabla ya kugeukia mbio fupi, na mwezi Septemba mwaka 2021 mjini Nairobi alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika. Hakeem Olajuwon wa Nigeria alicheza soka na mpira wa mikono kabla ya kuushika mpira wa kikapu. Na hapo hapo Ubelgiji, Nafissatou Thiam, ambaye baba yake ni Msenegali, alicheza mpira wa kikapu ujanani huku akifanya riadha, kisha akashinda dhahabu ya Olimpiki katika michezo saba ya riadha mara tatu mfululizo: 2016, 2021 na 2024.

Kwa kocha wa mieleka, funzo ni hili: asiende kumnyang'anya mwenzake mchezaji, bali amwazime. Mchezaji wa judo huja na ustadi wa kuvunja mizani ya mpinzani. Wa raga huja na ujasiri wa kuingia chini ya kiuno cha mtu. Wa soka huja na pumzi na miguu myepesi. Nao wakirejea katika michezo yao, huondoka na shingo imara, mgongo wenye nguvu, na ujuzi wa kuanguka bila kuumia. Makocha wawili wakikubaliana ratiba, kijana hufaidika. Wakigombana, kijana ndiye nyasi wapiganapo tembo. Njia mbili zilimshinda fisi kwa sababu alitaka kuzipita kwa wakati mmoja. Aliyezipita kwa zamu angefika.

Hata hivyo, lipo jambo la hatari ambalo mzazi hapaswi kulifumbia macho, nalo ni kupunguza uzito kwa haraka. Wapo wanamieleka wanaojinyima chakula na maji na kujitoa jasho kwa makusudi ili waingie katika uzani wa chini. Mwishoni mwa mwaka 1997, wanafunzi watatu wa vyuo vya Marekani walipoteza maisha kwa njia hiyo katika muda wa wiki chache. Baada ya hapo kanuni zilikazwa: sauna na nguo za mpira za kutoa jasho zilipigwa marufuku, na kila mwanamieleka hupimwa mwanzoni mwa msimu ili ijulikane uzani wa chini ulio salama kwake. Kocha anayemwambia mtoto wa miaka 14 asinywe maji hafai kuaminiwa na mtoto wa mtu.

Na Afrika Mashariki je? Kalenda ya shule zetu tayari inamlea mwanafunzi wa michezo mingi. Nchini Kenya, kwa mfano, mpira wa kikapu, magongo na mpira wa mikono huchezwa muhula wa kwanza, kisha soka, wavu na netiboli muhula wa pili. Tanzania ina UMISSETA, na kanda nzima hukutana katika michezo ya FEASSSA, iliyofanyika Huye, Rwanda, mwaka 2023 na Mbale, Uganda, mwaka 2024. Kinachokosekana ni mkeka. Ule wa mashindano una upana wa mita 12 kwa 12, na shule nyingi haziwezi kuumudu.

Lakini lipo jibu ambalo pwani yetu inalo bure, nalo ni mchanga. Dakar ilichaguliwa kuandaa Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya mwaka 2026, ya kwanza kupewa bara la Afrika, na mieleka iliyowekwa katika ratiba yake ni ile ya ufukweni: duara lililochorwa mchangani, pambano la dakika tatu, na hakuna haja ya mkeka wala viatu. Kutoka Lamu hadi Mtwara, kutoka Unguja hadi fukwe za Ziwa Tanganyika huko Kalemie na Bujumbura, uwanja upo tayari. Kinachohitajika ni mwalimu aliyefundishwa jinsi ya kuwalinda watoto wasivunjike, kamba ya kuchorea duara, mizani ya kupimia uzito, na mwalimu mwenzake wa soka atakayekubali kumwachia wachezaji wake muhula mmoja.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Naam, mkunje, lakini usimvunje.