Pretty Woman: Tabasamu la Julia Roberts linavyoficha machungu ya filamu

Pretty Woman ilitoka Marekani Machi 1990, na hadi leo watu bado wanaitafuta. Wengi wanaikumbuka kwa cheko la Julia Roberts, gauni jekundu na wimbo wa Roy Orbison. Wasichojua wengi ni kwamba ilianza kama stori ya huzuni, na huzuni hiyo haikufutwa yote.

Stori yenyewe ni hivi. Edward Lewis (Richard Gere) ni kibopa anayenunua kampuni zilizoyumba, anazivunja vipande vipande na kuviuza. Usiku mmoja anapotea njia Los Angeles akiwa na gari la kuazima. Anamuuliza njia Vivian Ward, dada anayejiuza barabarani Hollywood. Vivian anataka dola tano amwelekeze, Edward akishangaa tu bei inapanda hadi kumi. Mwishowe wanakubaliana akae naye hotelini wiki nzima kwa dola 3,000.

Hiyo bei ndiyo lilikuwa jina la kwanza la filamu: "3000". Mwandishi J.F. Lawton hakuandika komedi. Kwenye andiko lake Vivian alikuwa mtumiaji wa kokeini, na wiki ilipoisha Edward alimtoa kwenye gari na kumtupia pesa zake. Kwisha habari. Andiko lilipofika Disney, chini ya mwongozaji Garry Marshall, likageuzwa kuwa filamu ya mapenzi na vicheko.

Ukiitazama kwa makini, makovu ya stori ya zamani yanaonekana. Mwanzoni tu, mwili wa dada mwingine wa kazi hiyohiyo unakutwa kwenye pipa la taka. Kisha kuna ile sehemu Edward anamkuta Vivian bafuni ameficha kitu mkononi, anahisi ni dawa za kulevya na kutaka kumfukuza. Kumbe ni uzi wa kusafishia meno, alikuwa anatoa mbegu za stroberi. Mtazamaji anacheka, na hapohapo anampenda Vivian. Kwa dakika moja filamu imelitoa tatizo la dawa mlangoni.

Hapo ndipo nguvu yake ilipo, na jina la nguvu hiyo ni Julia Roberts. Alikuwa na miaka 22 filamu ilipotoka. Anacheka mwili mzima, anapatana bei kama mtu wa sokoni, na hakubali kuonewa huruma. Lile cheko maarufu Edward anapomfungia kisanduku cha mkufu kwenye vidole halikuwa kwenye andiko. Gere alifanya utani, Roberts akashtuka na kucheka kweli, Marshall akaiacha. Uigizaji huo ulimpa tuzo ya Golden Globe na kumfikisha kwenye uteuzi wa Oscar. Filamu iliyogharimu takriban dola milioni 14 ikaingiza zaidi ya milioni 460 duniani.

Ila mhusika anayestahili sifa kuliko anazopewa ni Barney, meneja wa hoteli, aliyechezwa na Hector Elizondo. Anajua Vivian anafanya kazi gani na ameletwa hapo kufanya nini. Bado anamtafutia mtu wa kumsaidia kununua gauni, anamfundisha uma upi unaliwa na chakula gani, na hataki chochote kutoka kwake. Filamu nzima, yeye ndiye mwanaume anayemheshimu Vivian bila kutoa hata senti.

Edward ni habari nyingine. Vivian anafukuzwa kwa dharau kwenye duka la nguo la matajiri. Kesho yake Edward anaingia naye duka jingine na kadi yake, wahudumu wanamnyenyekea kama malkia. Watazamaji hushangilia, hasa Vivian anaporudi na mifuko kuwaonyesha wale wa jana walichokosa. Inafurahisha kweli, lakini hakuna aliyejifunza kumheshimu dada wa barabarani. Kilichobadilika ni pochi tu.

Kibaya zaidi kinatokea kwenye mechi ya polo. Mwanasheria wa Edward, Stuckey, anamshuku Vivian kuwa ni jasusi, na Edward, ili kumtuliza, anamwambia wazi kazi yake. Papo hapo Stuckey anamfuata Vivian na kuanza kumtaka. Baadaye anamvamia hotelini na kumpiga. Edward anamtoa jamaa kwa ngumi na anaonekana shujaa, wakati ni mdomo wake uliofungua mlango. Filamu hailisemi hilo kwa sauti.

Kuna sehemu moja tu ambapo Vivian anashika usukani. Edward anamwahidi nyumba, gari na maduka, yaani awe mchepuko wa kudumu. Vivian anakataa. Anataka zaidi, na asipopata yuko tayari kwenda San Francisco kumaliza shule. Hilo ndilo jambo zito kuliko yote kwenye filamu hii: mtu aliyezoea kuuzwa kwa saa anaikataa bei nzuri kuliko zote alizowahi kutajiwa.

Halafu Edward anakuja na gari refu jeupe na maua, anapanda ngazi za nje za jengo huku akiogopa urefu, na filamu inaisha. Shule ya San Francisco haitajwi tena. Rafiki yake Kit, aliyeachiwa na Vivian sehemu ya pesa zile, anaonekana akipangana na mwenzake mpya wa kuchangia kodi ya chumba. Yule dada wa kwenye pipa la taka filamu ilishamsahau zamani.