Tusiuze Ua la Mkorosho



Kusi inapoanza kupoa na mikorosho ya Msambweni, Gazi na Kikoneni ikavaa maua, ndipo mifuko ya wenyeji wa Kwale inapokuwa myepesi. Akiba ya msimu uliopita imekwisha, karo ya muhula wa tatu inadaiwa, na pengine ipo arusi au ugonjwa nyumbani. Katika siku hizo hupita mnunuzi, akautazama mti ulio katika maua, akayakisia mavuno, akahesabu fedha mkononi mwa mzee. Miezi michache baadaye mzee huyo na watoto wake huinama chini ya mti wao kuokota korosho ambazo si zao tena.

Mti huu si mgeni wa jana. Asili yake ni kaskazini-mashariki ya Brazili, na Wareno ndio waliouleta katika pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 16. Mchanga wetu uliupokea vyema, nasi tukaupa majina yetu: mkorosho, mkanju, na tunda lake bibo. Katika miaka ya 1970 kilijengwa kiwanda cha korosho mjini Kilifi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 kilikuwa kimesimama. Mwaka 2009 Serikali ilipiga marufuku kuuza ng'ambo korosho zisizobanguliwa, ili kazi ya ubanguaji ibaki nchini. Viwanda vimekuja na kuondoka, kama kiwanda cha sukari cha Ramisi kilivyofungwa mwishoni mwa miaka ya 1980, lakini mikorosho imebaki shambani. Swali lililo mbele yetu ni nani anayekula matunda yake.

Mtume wetu (S.A.W.) amekwisha kutuongoza katika jambo hili. Katika Hadithi ya Ibn Umar (R.A.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, alikataza kuuza matunda kabla ya kudhihirika wema wake, na akawakataza wote wawili, muuzaji na mnunuzi. Anas bin Malik (R.A.) naye ametupokelea sababu: iwapo Mwenyezi Mungu atayazuia matunda yale, mtu ataihalalisha kwa lipi mali ya ndugu yake?

Mwenye kuujua mkorosho huiona hekima hii kwa macho. Shada moja lina maua mengi, lakini mengi kati yake ni ya kiume, hayazai. Yanayofunga korosho ni machache. Hayo machache nayo huweza kuharibiwa na mvua iliyokuja nje ya wakati, au na ubwiriunga, ugonjwa ule unaoyafunika maua kwa unga mweupe, au na wadudu wanaofyonza machipukizi. Mnunuzi anaijua hatari hii vizuri, na ndiyo maana huikata katika bei. Mavuno yakiwa haba, huanza ugomvi. Yakiwa mengi, mwenye mti hubaki na majuto. Hali ni hiyo hiyo katika rehani ya miti, ambapo mkopeshaji hula mavuno mpaka siku deni litakapolipwa. Mkopo ulioshurutishiwa manufaa kwa mkopeshaji, wanavyuoni wameuhesabu katika riba.

Sharia haikumfungia mhitaji milango yote. Ipo biashara ya salam, ambayo Mtume (S.A.W.) aliwapa watu wa Madina masharti yake: kipimo kinachojulikana, uzani unaojulikana, na muda unaojulikana. Bei hulipwa yote pale pale penye mkataba, na kinachouzwa ni kilo kadhaa za korosho za sifa fulani zitakazokabidhiwa wakati fulani. Haziuzwi korosho za mti ule pale wala za kishamba kile. Mkorosho wako usipozaa, deni la kilo hizo bado liko shingoni mwako, utatafuta kwingine. Kwa hiyo asiiingie mtu pasi na kufikiri, na kabla ya kuandikiana amwendee sheikh wake au ofisi ya Kadhi.

Hata hivyo, kumwambia mtu mwenye njaa angoje mavuno ni rahisi kwa aliyeshiba. Dawa ya kweli ni familia kuwa na fedha nyingine ifikapo Agosti, na hapo ndipo kitalu cha miche kinapokuwa na faida. Mavuno ya mti huangukia kati ya Novemba na Machi. Miche huuzwa masika, Aprili na Mei. Kwa hivyo familia yenye mikorosho na kitalu ina misimu miwili ya kuuza, na fedha za masika zikiwekwa kando kwa niaba ya karo, mnunuzi wa maua atapita mlangoni na kuendelea na safari yake.

Kitalu hakihitaji mtaji mkubwa. Banda la makuti lenye kivuli chepesi, maji ya karibu, mifuko ya miche, na udongo wa juu uliochanganywa na mchanga na samadi iliyooza vinatosha kuanzia. Korosho za mbegu huchaguliwa Novemba au Desemba kutoka mti wenye nguvu, kisha hutumbukizwa majini: zinazozama hupandwa, zinazoelea huachwa. Kila mfuko hutiwa korosho moja, kovu la kikonyo likielekea juu, na huchukua wiki mbili au tatu kuchipua.

Mche ukifikia unene wa penseli, hubebeshwa. Kwenye mti mzazi unaosifika kwa uzazi huchaguliwa vitawi vya ncha, vikaondolewa majani wiki moja hadi siku kumi kabla ya kukatwa, ili macho yake yavimbe. Kitawi huchongwa kama kabari, kikaingizwa katika mpasuko wa mche, kikafungwa kwa utepe wa plastiki. Si vyote vitashika, basi panda ziada. Faida yake ni kwamba mche uliobebeshwa hufuata tabia za mti mzazi na huanza kuzaa katika mwaka wa tatu hivi, ilhali mbegu tupu haina ahadi ya kufanana na mama yake. Vitawi vya aina bora huulizwa katika kituo cha utafiti cha KALRO, Mtwapa, na mwenye kutaka kuuza miche amwone kwanza afisa wa kilimo wa kaunti kuhusu usajili na ukaguzi.

Nafasi ya mita 12 kwa 12 huingiza miti kama 28 katika eka moja, hivyo miche 280 ni ya jirani kumi wenye eka moja moja. Hata mti mzee uliochoka hauna haja ya kung'olewa: hukatwa kimo, na machipukizi yake mapya yakabebeshwa. Na wale maji moto, chungu wekundu wanaotuuma tukiokota, tusiwachome moto ovyo, kwani huwawinda wadudu wanaofyonza maua na korosho changa.

Mavuno yakija, tuokote zilizoanguka zenyewe, tuzianike juani siku mbili au tatu, tuzitenge nzuri na mbovu, kisha tuuze kwa pamoja. Wenzetu wa Mtwara wamekuwa wakiuza kwa stakabadhi ghalani tangu mwaka 2007: korosho za wengi hukusanywa ghalani na kushindaniwa mnadani. Mfumo huo nao umekuwa na malalamiko yake, lakini mzigo wa wengi humwita mnunuzi, wakati debe la mtu mmoja humfuata.

Neno la mwisho ni la nyumbani. Kitalu ni kazi inayoweza kufanywa na mama aliye uani, kijana aliyemaliza shule, na babu anayejua mti upi ulizaa sana. Basi kila mmoja ajulikane sehemu yake, na iandikwe. Iandikwe pia miti ipi ni ya nani, maana pwani yetu mti na ardhi huweza kuwa na wenyewe tofauti, na mirathi isiyo na maandishi imewatenganisha ndugu wengi waliozaliwa tumbo moja.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti, kisha akala humo binadamu, mnyama au ndege, huandikiwa sadaka. Thawabu hiyo haimzuii mpandaji kushibisha watoto wake kwanza. Mwenyezi Mungu aibariki mikorosho yetu, atupe subira ya kungoja ua liwe korosho, na atutosheleze kwa halali yake. Amin.