Imani na Ibada za Msingi za Uislamu Katika Mpangilio wa Wakati wa Waswahili

Ikisiri

Makala haya yanafafanua imani na ibada za msingi za Uislamu kwa kuzitazama kupitia nyakati zinamotekelezwa: siku, wiki, mwaka na umri wa mtu. Hoja inayojengwa ni kwamba nguzo za Uislamu si orodha tu ya mambo yanayoaminiwa na kutendwa, bali ni mfumo unaoupanga wakati wa Mwislamu, na kwamba msamiati wa Kiswahili umeuhifadhi mfumo huo hata katika vinywa vya wazungumzaji wasio Waislamu. Makala yanaonyesha pia kuwa hitilafu kuhusu kuandama kwa mwezi katika Afrika Mashariki haieleweki ipasavyo bila ya kuujua mfumo huo.

1.0 Utangulizi

Maelezo mengi kuhusu Uislamu huanza kwa orodha mbili: nguzo sita za imani na nguzo tano za Uislamu. Orodha hizo zinatokana na Hadithi mashuhuri ya Jibrili, iliyopokewa na Umar bin al-Khattab na kuhifadhiwa katika Sahihi ya Muslim. Katika Hadithi hiyo, Mtume Muhammad anaulizwa kuhusu Uislamu, imani, ihsani na wakati wa Kiyama. Maswali matatu ya kwanza anayajibu. La nne anasema kwamba aulizwaye halijui kuliko aulizaye. Jambo hilo lina uzito wake. Mwislamu amefahamishwa kwa undani nyakati za kuabudu, lakini wakati wa mwisho wa dunia amefichwa. Ibada zake zote hutekelezwa kati ya kujua huko na kutojua huko.

Mifano katika makala haya imetolewa katika pwani na visiwa vya Afrika Mashariki, ambako Uislamu una historia ndefu. Maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliwakuta wenyeji wakifuata madhehebu ya Imamu Shafi, nayo ndiyo yaliyoenea zaidi pwani hadi leo. Waislamu wa Kiibadhi, wenye uhusiano na Oman, na wale wa Kishia wapo pia, hususan Zanzibar na katika miji mikubwa. Hukumu zinazotajwa hapa ni za Kishafi pale ambapo madhehebu yanatofautiana, isipokuwa ikielezwa vinginevyo.

2.0 Misingi ya Imani

Mwislamu huamini mambo sita: Mwenyezi Mungu, Malaika wake, Vitabu vyake, Mitume wake, Siku ya Mwisho, na Kadari, heri yake na shari yake. Msingi wa yote ni tauhidi, yaani kumpwekesha Mwenyezi Mungu katika dhati yake, sifa zake na kuabudiwa kwake. Kinyume chake ni shirki, dhambi iliyo kubwa kuliko zote.

Ni vyema kuzingatia namna Kiswahili kilivyozipokea dhana hizi. Baadhi zilikuja na majina yake ya Kiarabu: malaika, kadari, kiyama. Nyingine zilivikwa maneno ya Kibantu yaliyokuwapo tayari. Mungu ni neno la Kibantu. Mtume ni aliyetumwa, kutokana na kitenzi tuma. Kwa hiyo, hata nomino hiyo moja inabeba fundisho zima: Muhammad si mwenye ujumbe bali ni mwenye kuufikisha, na ni wa mwisho katika mlolongo wa mitume unaowajumuisha Nuhu, Ibrahimu, Musa na Isa.

Imani hizi zina mkabala wake na wakati. Kadari inahusu elimu ya Mungu iliyotangulia kila kitu. Vitabu na Mitume vinahusu historia. Kurani yenyewe iliteremshwa kwa takriban miaka 23, kuanzia Ramadhani ya mwaka 610. Siku ya Mwisho inahusu mustakabali. Muumini anawekwa baina ya yaliyokwisha kuandikwa na hesabu isiyojulikana itafika lini, na kinachobaki mikononi mwake ni wakati wa sasa. Hapo ndipo ibada zinapoingia.

3.0 Ibada na Nyakati Zake

Nguzo tano ni shahada, swala, zaka, saumu ya Ramadhani na hija kwa mwenye uwezo. Ibada hizi hazisihi bila ya nia, na nia ni jambo la moyoni. Aidha, kila ibada ina masharti yanayoitangulia, nguzo zinazoiunda na sunna zinazoipamba. Mtafiti asiyeitofautisha nguzo na sunna anaweza kudhani kwamba Waislamu wawili wanaoswali kwa namna tofauti kidogo wana dini mbili. Kunuti katika swala ya alfajiri, kwa mfano, husomwa na Mshafi na haisomwi na Mwibadhi, lakini rakaa za faradhi ni zilezile kwa wote wawili.

3.1 Siku

Swala za faradhi ni tano: alfajiri rakaa mbili, adhuhuri nne, alasiri nne, magharibi tatu na isha nne, jumla rakaa 17. Kila moja ina wakati wake unaojulikana kwa jua. Adhuhuri huingia jua linapopinduka, magharibi linapokuchwa, na isha wekundu wa machweo unapotoweka. Kabla ya swala hutakiwa udhu, na anayeswali huelekea Kaaba iliyoko Makka.

Majina ya swala yamekuwa majina ya vipindi vya siku kwa Waswahili wote. Mtangazaji wa redio husema mkutano utafanyika alasiri bila ya kukusudia swala. Vilevile, kwa kuwa Makka iko upande wa kaskazini mwa pwani hii, neno kibla, au kibula, limetumika kwa maana ya kaskazini. Kiswahili pia hutenga kitendo cha kuswali, chenye matendo na maneno maalumu ya Kiarabu, na kitendo cha kuomba dua, kinachoruhusu lugha yoyote na wakati wowote. Tofauti hiyo ni ya kifikihi, nayo imo ndani ya lugha ya kila siku.

Siku ya Kiislamu huanza jua linapokuchwa, si usiku wa manane. Usiku hutangulia mchana wake. Kwa hiyo, usiku wa Ijumaa katika waraka wa zamani ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi.

3.2 Wiki

Swala ya Ijumaa ni rakaa mbili zinazotanguliwa na hotuba mbili, nayo huchukua nafasi ya adhuhuri. Kwa madhehebu ya Shafi, huhitaji kuhudhuriwa na wanaume 40 wakazi wa mahali hapo. Ijumaa ndiyo kitovu cha juma la Waswahili. Jumamosi ni siku ya kwanza baada yake, Jumapili ya pili, hadi Jumatano ya tano. Inayofuata, Alhamisi, pia ina maana ya tano, lakini kwa hesabu ya Kiarabu inayoanzia Jumapili. Wiki moja, basi, imebeba tano mbili, na mzungumzaji asiye Mwislamu huzihesabu zote bila ya kujua kwamba anahesabu kutoka kwenye siku ya swala ya jamaa.

3.3 Mwaka

Mwaka wa Hijria una miezi 12 ya mwandamo, yenye siku 29 au 30. Jumla yake ni siku 354 au 355, pungufu ya mwaka wa jua kwa takriban siku 11. Kurani, katika Sura al-Tawba, inathibitisha idadi ya miezi 12 na kukataza kuisogeza. Matokeo yake ni kwamba Ramadhani huzunguka majira yote kwa muda wa takriban miaka 33. Anayeishi umri wa kawaida huifunga katika joto la kaskazi, katika mvua za masika na katika baridi ya kipupwe.

Waswahili waliipa miezi hii majina yanayoitegemea saumu. Mwezi unaofuata Ramadhani ni Mfunguo Mosi, na hesabu huendelea hadi Mfunguo Tisa, kisha huja Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Maulidi huangukia Mfunguo Sita na Idi ya kuchinja tarehe 10 Mfunguo Tatu. Mwaka mzima hupimwa kwa umbali wake kutoka kwenye mfungo. Saumu yenyewe ni kujizuia na chakula, kinywaji na tendo la ndoa kuanzia alfajiri hadi magharibi, kwa nia iliyowekwa usiku. Mgonjwa na msafiri wameruhusiwa kufungua na kulipa baadaye; mwenye hedhi na nifasi hafungi, naye hulipa.

Zaka nayo imefungamana na mwaka. Fedha na dhahabu hutolewa zaka ya asilimia 2.5 zikifikia kiwango, ambacho kwa dhahabu ni takriban gramu 85, na zikikaa kwa mwenyewe mwaka kamili wa mwandamo. Mazao hayangoji mwaka: hutolewa siku ya mavuno, sehemu moja ya kumi kwa yanayomea kwa mvua na nusu ya hiyo kwa yanayomwagiliwa kwa gharama. Zaka ya fitri ni pishi ya chakula kikuu cha mahali, takriban kilo mbili na nusu, kwa kila mtu wa nyumba, na hutakiwa itoke kabla ya swala ya Idi.

Ikumbukwe kwamba mwaka wa mwandamo haukuwa kalenda pekee ya pwani. Mkulima na nahodha walihitaji kujua majira, hivyo walitumia pia mwaka wa jua wa siku 365 uliogawanywa katika miongo ya siku kumi kumi, unaoanza kwa Nairuzi. Mwaka Kogwa wa Makunduchi ni kumbukumbu yake iliyo hai. Kalenda hiyo haikuwa ya ibada. Iliongoza jembe na tanga, wakati mwezi uliongoza saumu, eda na Idi.

3.4 Umri

Hija ni mara moja katika umri kwa mwenye uwezo wa mwili, mali na njia. Kilele chake ni kusimama Arafa tarehe 9 Mfunguo Tatu; anayekosa kisimamo hicho amekosa hija. Shahada ina nafasi ya pekee, kwa kuwa huzunguka maisha pande zote mbili: hutajwa ndani ya adhana inayosomwa sikioni mwa mtoto mchanga, na hulakiniwa kwa mtu anayekata roho. Baina ya hapo kuna akika siku ya saba, nikaha, na eda ya mjane, ambayo ni miezi minne na siku kumi kwa asiye na mimba. Miezi hiyo ni ya mwandamo. Mahakama ya Kadhi, ambayo nchini Kenya imetajwa katika ibara ya 170 ya Katiba ya 2010, haiwezi kuamua suala la eda bila ya kuijua kalenda hiyo.

4.0 Hitilafu ya Mwandamo

Kutokana na yaliyotangulia, swali la lini mwezi umeandama linagusa uhalali wa ibada yenyewe. Kufunga siku ya Idi ni haramu. Kula mchana wa Ramadhani bila ya udhuru ni dhambi. Nyumba moja inapogawanyika, ndugu mmoja akiwa kwenye swala ya Idi na mwingine akiwa bado amefunga, kila mmoja anamwona mwenzake kuwa ameingia katika moja ya makosa hayo mawili. Zaka ya fitri ya yule aliyechelewa, kwa mtazamo wa aliyetangulia, imekwisha kuwa sadaka ya kawaida.

Misimamo mikuu ni mitatu. Wa kwanza huzingatia kuonekana kwa mwezi katika eneo husika, na hutegemea Hadithi ya Kurayb, ambamo Ibn Abbas, akiwa Madina, hakuufuata mwandamo ulioonekana Shamu. Huu ndio msimamo wenye nguvu kwa Mashafi. Wa pili huona kwamba ukionekana popote na habari ikathibitika, Waislamu wote wanalazimika. Wa tatu hukubali hesabu za falaki, ama kuthibitisha mwandamo au angalau kuukataa ushahidi usiowezekana. Tatizo hujirudia miezi miwili baadaye: anayefunga siku ya Arafa afuate tarehe tisa ya mahali pake, au siku mahujaji wanaposimama?

Mazingira huongeza ugumu. Kati ya 2021 na 2024, Idi el-Fitri iliangukia Aprili au Mei, kipindi cha masika, ambapo upeo wa magharibi hufunikwa na mawingu. Mwezi usipoonekana, Ramadhani hukamilishwa siku 30. Aidha, mamlaka ya kutangaza hufuata mipaka ya nchi: Kadhi Mkuu nchini Kenya, Mufti kupitia BAKWATA, iliyoundwa mwaka 1968, Tanzania Bara, na Ofisi ya Mufti, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2001, Zanzibar. Mpaka wa dola si mpaka wa matlai, yaani eneo la kuchomozea mwezi. Kijiji cha Vanga na mji wa Tanga vina upeo karibu mmoja, lakini vinasikiliza matangazo mawili. Kwa hiyo, hitilafu hii haipaswi kuchukuliwa kuwa ukaidi wala ujinga. Pande zote zinakubaliana kuhusu nguzo. Zinachotofautiana ni nani mwenye haki ya kusema kwamba wakati umeingia.

5.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba imani na ibada za Uislamu zinaunda mpangilio wa wakati, na kwamba Kiswahili kimeuhifadhi katika majina ya vipindi, siku na miezi. Kwa mtafiti, jambo hili lina manufaa ya moja kwa moja. Tarehe ya Hijria katika barua, wasia au mswada wa utenzi isigeuzwe kuwa ya Miladia kwa jedwali pekee, kwa kuwa jedwali hukadiria ilhali mwandishi aliufuata mwezi ulioonekana kwao. Tofauti ya siku moja au mbili ni ya kawaida, na siku ya wiki, ikiwa imetajwa, ndiyo ya kuirekebishia. Vilevile, tukio lililoandikwa kuwa la usiku wa Ijumaa lisipelekwe kwenye usiku unaofuata mchana wa Ijumaa. Kosa la namna hiyo huanza kama kosa la tarehe, lakini chanzo chake ni kutoielewa dini ambayo matini iliandikwa ndani yake.