Michembe ya Asubuhi Segese

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimu kwa Kisukuma mama lishe wa Segese, eneo la Wasukuma na wachimbaji wa dhahabu, nikaagiza chai. Akaniuliza: chapati au michembe? Nilikuwa nimetoka Tabora, mji wa boma la Wajerumani na reli iliyofika pale mwaka 1912, na asubuhi zote mbili nilizoamkia huko kifungua kinywa kilikuwa mkate, yai na soseji. Nimesomea usindikaji wa vyakula, na swali lile la mama lilinifurahisha kuliko yote niliyoulizwa safarini. Nikasema michembe, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa.

Ilikuja kwenye bakuli, imechemshwa hadi ikalainika, imekorogwa na karanga zilizotwangwa. Pembeni chai ya maziwa. Ukiitazama meza hiyo kwa jicho la historia, vingi vilivyokuwepo ni wageni. Majani ya chai Wajerumani waliyapanda kwa majaribio Amani, Usambara, walikoanzisha kituo chao cha utafiti mwaka 1902. Karanga asili yake ni Amerika ya Kusini, na kiazi kitamu nacho kimetoka Amerika. Kilicho cha Wasukuma hapo ni ujuzi wa kukausha, na kwangu huo ndio urithi ambao msafiri anapaswa kuutafuta sawa na anavyotafuta majengo ya kale.

Kwa nini kukausha? Viazi huvunwa kwa wingi mvua zikishakoma, kisha kiangazi kirefu kinaingia. Udongo wa mbugani hupasuka. Katika nyufa hizo hupita fukusi wa viazi, mdudu mdogo anayetaga mayai kwenye kiazi kilichoachwa shambani. Kiazi kikishatobolewa hutengeneza kemikali za kujikinga, ndiyo maana kinakuwa kichungu hata sehemu ambayo funza hajaifikia. Na kikichimbwa, kwa kuwa takriban asilimia 70 yake ni maji, hakikai muda mrefu kabla ya kuoza. Mkulima amebanwa pande zote mbili. Jua ndilo linalomtoa.

Njia ni mbili, na wageni wengi huzichanganya. Kwa michembe, viazi huachwa vinyauke siku chache, humenywa vikiwa vibichi, hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa. Kwa matobolwa (wengine hutamka matoborwa), viazi huchemshwa kwanza, ndipo vikakatwa na kuanikwa. Onja vyote viwili siku moja. Matobolwa ni matamu zaidi, magumu kidogo, yananata menoni kama tende kavu, na mtu anaweza kuyatafuna hivyo hivyo akiwa njiani. Michembe lazima irudi jikoni.

Utamu huo hautokani na sukari iliyoongezwa. Ndani ya kiazi mna vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa maltosi, sukari ileile inayopatikana kwenye kimea. Hufanya kazi kwa kasi kiazi kinapopata joto la nyuzi 60 hadi 75 hivi, kwa sababu hapo wanga umeanza kulainika na vimeng'enya bado havijaharibiwa. Chungu kikubwa kilichojaa viazi, juu ya moto wa kuni usio mkali, hupita katika joto hilo polepole. Wanawake wa Usukuma waliipata kanuni hiyo kwa mikono na ulimi, bila kipimajoto. Wateso wa Uganda nao wana amukeke, vipande vikavu vinavyofanana na michembe, na inginyo, ambayo hupondwa kabla ya kukaushwa.

Kwa lishe, michembe ni nguvu. Mchimbaji wa dhahabu anayeshuka kwenye duara, yaani shimo la mgodi, asubuhi anahitaji chakula kitakachokaa tumboni, na wanga huo unamtosha kwa saa kadhaa. Lakini protini ni chache. Hapo ndipo karanga zinapostahili sifa: gramu 100 zina takriban gramu 25 za protini, na mafuta yake husaidia mwili kufyonza vitamini A iliyomo kwenye viazi vya rangi ya chungwa. Viazi hivyo ndivyo vilivyompa mtafiti wa Uganda, Robert Mwanga, nafasi miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Jua kali na kuhifadhiwa muda mrefu hupunguza vitamini hiyo, kwa hiyo michembe ya chungwa ni bora ianikwe kivulini penye upepo, na iliwe mapema.

Lipo jambo linalonitia wasiwasi hasa katika ukanda huu wa dhahabu. Chakula kinachoanikwa chini hupokea kila kinachotua, na panapokuwa na karasha za kusaga mawe, au watu wanaochoma dhahabu iliyoshikwa na zebaki, vumbi na mvuke huo si vya kutua kwenye chakula cha watoto. Kichanja kilichoinuliwa, mbali na shughuli hizo, kinagharimu miti michache na kamba. Karanga nazo zichambuliwe: yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyobadilika rangi itupwe, maana huenda ina sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha.

Nilimuuliza mama anajuaje michembe imekauka vya kutosha. Akachukua kipande, akakikunja kwa vidole viwili karibu na sikio langu. Kilivunjika kwa mlio. "Kikipinda bila kuvunjika, mwanangu, kirudishe juani," akasema, akanipimia kisado kizima cha kwenda nacho Geita.