Nguo Isiyofumwa

Watu wengi hudhani kwamba hapana nguo pasipo uzi na mfumaji. Sivyo. Wachungaji wa Asia ya Kati, tangu zamani sana, hulowesha manyoya ya kondoo kwa maji ya moto, huyakunja na kuyakandamiza hata yashikamane, yawe kitambaa kizito kiitwacho felti. Nasi Waafrika tunayo nguo isiyofumwa: ni mbugu, yaani nguo ya gome la mti.

Hapa Kapalata, mjini Kisangani, mtu akitaka nguo huenda sokoni kununua kitenge. Lakini tukishika njia ya mashariki, tukapita Bafwasende na Nia-Nia hata Epulu, twaingia msitu wa Ituri, makao ya Wambuti. Huko kazi ya mbugu imegawanywa kati ya mume na mke. Mume hubandua gome la ndani la mti, mara nyingi wa jamii ya mtini, akaliponda juu ya gogo kwa nyundo ya mbao, au, zamani, ya pembe ya ndovu, mpaka litanuke na kulainika. Mke hulipokea akalipamba. Wino wake ni maji ya tunda la gardenia pamoja na makaa. Kalamu yake ni kijiti au kidole. Huchora mistari na nukta, na pengine huacha mahali patupu makusudi, kama mwimbaji anyamazaye kidogo ili wimbo upate kusikika. Nguo hizo zilivaliwa hasa siku za ngoma. Leo nyingi zimo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani.

Jirani zetu Waganda hutumia mti uitwao mutuba. Hubandua gome wakati wa mvua, kisha huvika shina majani ya migomba. Mti haufi, huota gome jipya, ukavunwa tena. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kazi hiyo kuwa urithi wa wanadamu wote, na mwaka 2008 ikaandikwa katika orodha yake. Mshonaji José Hendo, mzaliwa wa Uganda aishiye Uingereza, hushona mbugu kuwa mavazi ya fahari.

Je, sisi tutauacha urithi huu upotee? Wako vijana waonao haya, wakisema ni nguo ya ushenzi. Tena pasipo msitu hapana gome: Hifadhi ya Okapi iliwekwa mwaka 1992 kuulinda msitu huo, lakini tangu 1997 imo katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Kitabu cha Kutoka chatufundisha kwamba Mungu alimjaza Besaleli roho yake, apate ustadi wa mikono. Basi ustadi wa mikono si jambo la kudharauliwa. Ninyi wazazi, wasimulieni watoto kazi za mababu. Nanyi wanafunzi, waulizeni wazee wangali hai, mkaandike majina ya miti yao, nyundo zao na alama zao. Mzee akiisha kuzikwa, hakuna wa kuulizwa tena.