Mapigano na stadi katika Old School RuneScape

Old School RuneScape ni mchezo wa video wa kuigiza unaochezwa mtandaoni na maelfu ya watu kwa wakati mmoja, ndani ya nchi ya kubuni iitwayo Gielinor. Ulitolewa tarehe 22 Februari 2013 na kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza. Msingi wake ni nakala ya mchezo wa RuneScape kama ulivyokuwa Agosti 2007. RuneScape wenyewe ulianzishwa na Andrew Gower pamoja na ndugu zake mnamo Januari 2001. Nakala hiyo ya zamani ilirudishwa baada ya wachezaji wengi kukasirishwa na mfumo mpya wa mapigano ulioingizwa Novemba 2012, na takriban kura 450,000 zilipigwa kuomba irudi. Kwa maneno mengine, mchezo huu upo kwa sababu watu waligombana juu ya namna ya kupigana.

Maswali ya wanaoanza hufanana mwaka hadi mwaka: stadi ipi ipandishwe kwanza, kwa nini pigo halimpati adui, deraya inasaidia nini, na kwa nini mtu amepoteza mali yake yote kwa dakika moja.

Stadi za mapigano

Kila mchezaji ana stadi zaidi ya 20, nyingi zikiwa za kazi za amani kama uvuvi, upishi, uchimbaji wa madini na ufuaji wa vyuma. Za mapigano ni saba: Shambulio, Nguvu, Ulinzi, Masafa, Uchawi, Sala na Uhai. Mchezo hauna toleo la Kiswahili, hivyo kwenye kioo mchezaji atazikuta kwa majina ya Kiingereza Attack, Strength, Defence, Ranged, Magic, Prayer na Hitpoints.

Stadi hupanda kwa kukusanya alama za uzoefu. Kiwango cha 2 kinahitaji alama 83 tu, lakini cha 99, ambacho ndicho cha mwisho, kinahitaji 13,034,431. Mlima huu ni mkali kuliko unavyoonekana kutoka chini: anayefika kiwango cha 92 ana alama 6,517,253, yaani amefika nusu ya safari. Stadi zote huanzia 1 isipokuwa Uhai, unaoanzia 10.

Katika mapigano ya silaha za mkononi, kila alama moja ya uhai anayopunguziwa adui humpa mchezaji alama 4 za uzoefu katika stadi aliyoichagua, na alama 1.33 za Uhai. Hapa ndipo wengi hukosea. Silaha huwa na mitindo kadhaa ya kupiga, na mtindo uliochaguliwa ndio unaoamua stadi gani itapanda. Asiyefungua ukurasa wa mitindo hubaki na ule wa mwanzo, anaua ng'ombe kwa saa nzima, kisha anashangaa Shambulio limepanda peke yake na Nguvu haijasogea. Mtindo mmoja hugawa alama sawasawa kati ya Shambulio, Nguvu na Ulinzi. Silaha nyingine, kama mjeledi unaohitaji Shambulio la 70, hazina kabisa mtindo wa kupandisha Nguvu peke yake.

Pigo linavyohesabiwa

Seva ya mchezo hupima muda kwa mipigo ya sekunde 0.6. Kitara hupiga kila baada ya mipigo 4, sawa na sekunde 2.4, wakati upanga mkubwa wa mikono miwili hungoja mipigo 7, sawa na sekunde 4.2. Upanga mkubwa huumiza zaidi kwa pigo moja, na anayeanza huvutiwa na namba kubwa inayoruka juu ya kichwa cha adui. Lakini kwa mazoezi ya kawaida kitara cha madini yaleyale huwa bora, kwa sababu kinakaribia kupiga mara mbili kabla upanga ule haujainuka tena.

Kila pigo hupitia hatua mbili. Kwanza mchezo hutafuta kama pigo limempata adui: uwezo wa mshambuliaji, unaotokana na Shambulio na silaha yake, hushindanishwa kwa bahati nasibu na uwezo wa adui, unaotokana na Ulinzi na deraya. Likimpata, ndipo hatua ya pili huchagua idadi ya alama zinazopungua, kuanzia kidogo kabisa hadi ukomo wa mshambuliaji. Ukomo huo huamuliwa na Nguvu.

Kutokana na hatua hizo, Shambulio huongeza uwezekano wa kupata na Nguvu huongeza ukubwa wa pigo. Deraya nayo haipunguzi maumivu. Inapunguza idadi ya mara ambazo mtu anapigwa. Mwenye deraya nzuri akipatwa, anapatwa kikamilifu. Anayedhani deraya ni kama godoro linalopooza pigo humwendea adui mkubwa akiwa na uhai kidogo, na pigo moja linamtosha.

Kwa kuwa alama za uzoefu hufuata maumivu anayopewa adui, wachezaji wazoefu hutanguliza Nguvu kidogo. Hata hivyo Shambulio halikwepeki, maana ndilo linaloruhusu silaha bora. Silaha za bronzi na chuma ziko wazi kwa kila mtu. Za feleji zinadai Shambulio la 5, za mithrili 20, za adamanti 30, za runi 40, na za joka 60. Deraya za madini hayo hudai Ulinzi kwa viwango hivyohivyo. Kawaida yao ni kupandisha Shambulio hadi kizingiti kinachofuata, kubadili silaha, kisha kurudi kwenye Nguvu.

Njia tatu za kupigana

Silaha za mkononi hushinda pinde, pinde hushinda uchawi, na uchawi hushinda silaha za mkononi. Sababu iko katika mavazi. Deraya za madini huzuia mishale vizuri lakini ni dhaifu mbele ya uchawi; ngozi za majoka zinazovaliwa na wapiga mishale huzuia uchawi; kanzu za wachawi hazizuii mshale wala upanga. Ndiyo maana mchawi aliyevaa deraya ya chuma hukosa adui mara kwa mara. Hana bahati mbaya. Vazi lake linamharibia shabaha.

Uchawi hutumia vijiwe viitwavyo runi, vinavyokwisha kila tamko linapotolewa. Tamko la kwanza kabisa, la upepo, hutumia runi moja ya hewa na moja ya akili, na ukomo wake wa mwanzo ni alama 2. Fimbo ya hewa huondoa hitaji la runi za hewa, hivyo ni ununuzi wa kwanza wenye maana kwa mchawi mchanga. Uchawi pia hutoa alama za uzoefu hata tamko lisipompata adui, tofauti na upanga. Mishale mingi iliyorushwa huanguka chini na inaweza kuokotwa, ingawa baadhi hupotea.

Sala, chakula na mahali pa kuanzia

Sala hupanda hasa kwa kuzika mifupa ya walioshindwa. Mifupa ya kawaida hutoa alama 4.5, mikubwa 15, ya joka 72. Stadi hii inachosha na ni ghali, lakini katika viwango vya 37, 40 na 43 hufungua sala tatu za kinga dhidi ya uchawi, mishale na silaha za mkononi. Dhidi ya viumbe wengi wa mchezo kinga hizo huzuia pigo lote la aina husika. Dhidi ya mchezaji mwingine huzuia asilimia 40 tu.

Uhai hurudi wenyewe kwa alama moja kwa dakika, mwendo ambao hauokoi mtu katikati ya pambano. Kinachookoa ni chakula: jodari hurudisha alama 10, kambakoche 12, papa 20. Mkoba una nafasi 28 tu, kwa hiyo kila silaha ya ziada inakula nafasi ya samaki mmoja.

Wapya huanzia Lumbridge, ambako kuku, goblini na ng'ombe ni maadui wa kutosha kwa siku za kwanza. Hatari iko barabarani kuelekea Varrock. Kusini mwa mji huo kuna duara la mawe lenye wachawi weusi wa viwango vya 7 na 20, wanaomshambulia mpita njia bila kuchokozwa. Huacha kufanya hivyo pale kiwango cha mapigano cha mchezaji kinapozidi maradufu ya chao. Wachezaji wachache wanaweza kusema hawakuwahi kufia hapo.

Kwa wanaolipa ada ya uanachama, njia ya mkato inayojulikana zaidi ni kazi ya Waterfall Quest. Hutoa alama 13,750 za Shambulio na 13,750 za Nguvu, zinazotosha kumtoa mtu kiwango cha 1 hadi cha 30 katika stadi zote mbili, na hakuna adui anayelazimika kuuawa. Kinachotakiwa ni kupita mbio karibu na majitu ukiwa na chakula cha kutosha.

Kiwango cha mapigano

Kiwango cha mapigano, kinachoonekana kando ya jina, huanzia 3 na kuishia 126. Hujumlisha robo ya Ulinzi, Uhai na nusu ya Sala, kisha huongeza mchango wa njia moja tu ya kushambulia, ile iliyo kubwa. Namba hii hudanganya. Mtu mwenye 45 katika Shambulio, Nguvu na Ulinzi, na Uhai wa 45, ana kiwango cha 51. Aliyeacha Ulinzi kwenye 1, akawa na Shambulio la 40, Nguvu ya 70 na Uhai wa 59, ana kiwango cha 50. Anaonekana mdogo, ilhali pigo lake ni zito zaidi. Wapo wanaojenga akaunti za namna hiyo makusudi, ili kuwinda wenzao.

Nyika na kupoteza mali

Uwindaji huo hufanyika Nyika, eneo la kaskazini lililotengwa kwa handaki. Kwingineko mchezaji akiuawa, mali yake hungoja kaburini kwa dakika 15. Nyikani, akiuawa na mchezaji mwenzake, hubakiwa na vitu vitatu vya thamani kubwa zaidi, na vingine huchukuliwa na muuaji. Aliyeanza kumshambulia mwenzake huwekewa alama ya fuvu na hupoteza vyote. Nyika ina viwango vyake: katika cha 5, mwenye kiwango cha mapigano cha 50 anaweza kushambuliwa na wa 45 hadi 55. Zaidi ya kiwango cha 20, matamko ya kujihamisha hayafanyi kazi.

Hasara si ya kuchezea kwa kila mtu. Katika miaka ya mfumuko mkubwa wa bei nchini Venezuela, hasa kuanzia 2017, raia wengi wa nchi hiyo waliua majoka ya kijani Nyikani na kuuza dhahabu ya mchezo kwa dola, ingawa kanuni za Jagex zinakataza biashara hiyo. Mwaka huohuo mwongozo wa jinsi ya kuwaua ulisambazwa mtandaoni. Ukazua mabishano makali kati ya walioona ni kuondoa wavunja kanuni na waliosema aliyeuawa alikuwa akitafuta chakula cha nyumbani.

Hila nyingine hazihitaji silaha. Anayejitolea kuipamba deraya ya mgeni ni mwizi, kwa kuwa hakuna stadi ya kupamba deraya. Zenye mapambo hupatikana kwa kutatua mafumbo ya kutafuta hazina. Anayeahidi kurudisha pesa maradufu hurudisha kweli kiasi kidogo mara ya kwanza, kisha hutoweka na kikubwa. Namba ya siri ya benki ya ndani ya mchezo, pamoja na uthibitisho wa hatua mbili wa akaunti, huwekwa bila malipo.