Umetua Mombasa, Unaelekea Diani: Jinsi ya Kufika na Pesa Zako Zikiwa Salama

Ndege imetua, umewasha simu, na jumbe zinaingia moja baada ya nyingine. Unatoka nje na joto la Mombasa linakupokea mlangoni. Kabla hujaweka begi chini, unasikia sauti tatu kwa mpigo: "Teksi boss? Diani? Nyali?"

Kama wewe ni mgeni, hapa ndipo wasiwasi huanza. Diani iko upande wa kusini, katika Kaunti ya Kwale, nawe umetua upande wa magharibi wa Mombasa. Katikati kuna maji. Nauli hujui, njia hujui, na pesa zote za likizo ziko kwa simu iliyo mkononi mwako.

Wateja wengi wametuuliza kuhusu safari hii, hasa msimu wa sikukuu unapokaribia. Leo tumeamua kuwapa njia zote mbili na mambo ya kuangalia kila mahali unapotoa pesa. Lakini kwanza tuwape kisa cha mama mmoja.

Wamama saba na leso za rangi moja

Mama wa mwenzetu hapa ofisini ni mweka hazina wa chama cha wamama saba kutoka Nyeri. Kwa mwaka mzima walichanga kidogo kidogo ili waende kuona bahari. Wengi wao hawakuwa wamewahi kupanda ndege. Walishona nguo, wakanunua leso za rangi moja, na pesa za nyumba ya kulala, chakula na usafiri zikawekwa kwa simu ya mweka hazina. Ilikuwa jumla ya shilingi 42,000.

Siku chache kabla ya safari, mmoja wao alipata namba ya dereva kwenye mtandao. Picha ya gari ilikuwa nzuri, bei ilikuwa nzuri zaidi. Wakakubaliana naye kwa simu kwamba angewangoja uwanjani.

Walipotua, ujumbe ukaingia: dereva amefika, lakini anaomba atumiwe shilingi 3,500 haraka alipie maegesho na mafuta, la sivyo gari litachukuliwa na wateja wengine. Mama akavaa miwani, akaingiza namba, akaingiza kiasi. Kabla ya kuweka PIN, skrini ikamwonyesha jina la mpokeaji. Lilikuwa jina la mwanamke.

Akasimamisha kila kitu, akampigia.

"Mwanangu, mbona hapa naona jina la mama?"

"Hiyo ni laini ya bibi yangu, mama. Tuma tu, askari wananisumbua hapa."

"Sawa. Basi toka nje ya gari nikuone. Sisi tuko hapa mlangoni, tuko saba, tumevaa leso za rangi moja. Huwezi kutukosa."

Simu ikakatwa. Alipopiga tena, haikupatikana.

Mama alituambia kwamba wakati huo miguu ilimwisha nguvu. Shilingi 3,500 si pesa nyingi kwa kila mtu, lakini zile hazikuwa zake. "Ningewaambia nini wenzangu? Na huyo angeomba 3,500 tena, na tena. Tungelala wapi?"

Tunasimulia kisa hiki kwa sababu safari yenyewe haina ugumu. Barabara ni nzuri, magari yako, na watu wa Pwani ni wakarimu. Mara nyingi pesa hupotea mtu akiwa bado amesimama uwanjani, amechoka na ana haraka.

Njia ya kwanza: Dongo Kundu

Wale wamama waliuliza askari wa uwanja, wakaelekezwa kwenye kituo cha teksi. Wakapata dereva mzee wa hapo hapo mwenye gari la watu wengi. Akawaamkia, wakapatana bei, kisha akauliza swali ambalo kila mgeni ataulizwa: "Tupite Likoni au Dongo Kundu?"

Zamani swali hilo halikuwepo. Mtu akitaka kwenda Pwani Kusini kutoka uwanja wa ndege, aliingia kisiwani kupitia Makupa, akavuka mji hadi Likoni, akapanga foleni ya feri. Foleni ikiwa ndefu, wengine walikaa kwenye gari muda mrefu kuliko waliokaa kwenye ndege kutoka Nairobi.

Barabara ya Dongo Kundu imebadilisha mambo. Sehemu ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2018, na mwaka 2024 magari yakaanza kupita hadi mwisho. Inaanzia Miritini, karibu na kituo cha treni ya SGR, inapita Mwache na Mteza juu ya madaraja marefu, na kutokea Kibundani kwenye barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga. Hapo unakata kulia, unapita Waa na Tiwi, na unafika Ukunda. Kutoka Ukunda hadi ufuoni Diani ni mwendo mfupi tu.

Faida yake ni mbili. Huingii kisiwani, na hulipi ada ya feri ya gari. Kwa hivyo mkipatana bei kupitia Dongo Kundu, ada ya feri isije ikatokea kwenye hesabu mwishoni. Waliokuja kwa SGR pia watafaidika na njia hii kwa sababu wanashuka pale pale inapoanzia.

Ukichukua teksi, malizeni maneno haya kabla mlango haujafungwa:

- Bei ni ya gari zima au ya kila mtu?
- Maegesho ya uwanjani yako ndani ya bei?
- Mnapita njia gani, na kama ni Likoni, nani analipa feri?
- Mtafikishwa hadi mlangoni mnapolala, au Ukunda tu?
- Mtalipa kwa namba gani, na itaonyesha jina gani?

Swali la mwisho watu wengi huliona la ajabu, lakini dereva wa kweli halimsumbui. Yule mzee aliwajibu wale wamama bila kusita: akawatajia jina lake, akasema wamlipe wakifika. Walipofika Diani, mweka hazina akaingiza namba na jina likatokea vile vile alivyosema. Mzee naye hakukubali kuonyeshwa skrini ya mama. Alisubiri ujumbe uingie kwa simu yake mwenyewe, akausoma, ndipo akashusha mabegi. Hiyo pia ni akili, kwa sababu kuna matapeli wanaowatumia madereva jumbe bandia za malipo.

Njia ya pili: Likoni, kwa miguu na matatu

Wakati wa kurudi, chama kilikuwa kimekula samaki, kimenunua vikoi, na pesa zilikuwa zimepungua. Wakaamua kurudi kwa matatu. Isitoshe, walitaka kuiona feri ambayo wameisikia tangu utotoni. Nasi tuliwahi kuipita njia hiyo wenyewe, kwa hivyo tutaieleza kuanzia uwanjani.

Ukitoka uwanjani, chukua tuktuk au boda hadi barabara ya Magongo au Changamwe, kisha panda matatu ya kwenda mjini. Muulize makanga kama inafika Feri. Kama haifiki, shuka mjini na upande nyingine. Ukifika Feri, matatu inaishia hapo. Unashuka na kutembea na watu kuelekea majini.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba mtu anayevuka kwa miguu halipi chochote. Magari hulipa, watembea kwa miguu hawalipi. Mmoja wa wale wamama, ambaye aliogopa maji akashika mkono wa mwenzake kutoka mwanzo hadi mwisho, aliuliza mara mbili, "Hata shilingi moja?" Akajibiwa, "Hata shilingi moja, mama."

Kwa hivyo mtu akikusimamisha pale akikwambia utume pesa ya tiketi ya kuvuka kwa miguu, endelea kutembea.

Kivuko chenyewe ni cha dakika chache. Upande wa Likoni utakuta matatu za kwenda Ukunda zimejipanga. Mwambie makanga unashuka Ukunda, sehemu ya kuingilia Diani, na hapo utapata tuktuk hadi ufuoni. Nauli hupanda wakati wa sikukuu na mvua ikinyesha, kwa hivyo uliza kabla ya kukaa. Ukiulizia wakati gari limeshaondoka, huna tena nguvu ya kupatana.

Njia hii ni ya bei nafuu sana, lakini ina mambo yake. Feri asubuhi na jioni hujaa watu. Simu yako ndiyo pochi yako, kwa hivyo usiitoe katikati ya umati ili kuangalia salio. Weka nauli ndogo ndogo mfukoni kabla hujatoka, noti za hamsini na za mia, ili usilazimike kufungua simu kila unaposhuka. Na kama una watoto wadogo au mabegi mazito, jihurumie, chukua teksi.

Kumbuka pia kuna uwanja mdogo wa ndege hapo Ukunda wenye ndege za kutoka Nairobi. Ukipata tiketi ya huko, tuktuk moja inakutosha. Linganisha bei ya tiketi hiyo na ya Mombasa ukijumlisha teksi, kisha uamue.

Kabla ya kubonyeza PIN

Njia yoyote utakayochagua, tabia hizi chache zitakulinda:

Soma jina, si namba tu. Huduma inakuonyesha jina la mpokeaji kwa sababu moja: upate nafasi ya kusimama. Jina lisipolingana na la mtu uliyeongea naye, ghairi kwanza, uliza baadaye. "Ni laini ya bibi yangu" huenda ikawa kweli, lakini si kazi yako kubahatisha na pesa za watoto.

Lipa ukifika. Kama dereva ni mgeni kwako na anataka pesa kabla hujamwona, mwambie mtaonana kwanza. Anayekuja kweli atakuja.

Haraka ya mtu mwingine isiwe yako. "Askari wananisumbua", "gari linachukuliwa", "tuma sasa hivi": maneno haya yametengenezwa ili usisome skrini. Hesabu hadi kumi. Mpigie, mwambie umwone.

Usimpe mtu simu akuingizie namba. Hata akiwa na adabu namna gani, akuonyeshe namba, wewe uiingize. PIN ni yako peke yako, usiitaje kwa sauti hata kwa mtoto wako kwenye kiti cha nyuma.

Gawanya pesa. Kama mnasafiri kikundi, msiweke zote kwa simu moja. Simu inaweza kuibiwa, kuanguka majini au kuisha chaji. Wale wamama sasa wamebadilisha utaratibu: mweka hazina hubeba ya malazi, na wengine wawili hubeba ya usafiri na chakula.

Ukikosea, piga simu mara moja. Ukituma pesa kwa namba isiyo sahihi, usianze kubishana na aliyepokea. Wasiliana na huduma kwa wateja dakika hiyo hiyo, ukiwa na ujumbe wa uthibitisho. Pesa zikishatolewa kwa wakala, kuzirudisha ni kazi ngumu.

Mwisho wa safari

Tulimwuliza mweka hazina ni nini anachokikumbuka zaidi. Tulidhani atasema bahari. Akacheka, akasema ni ile dakika pale uwanjani, kidole kikiwa juu ya simu na wenzake sita wakimtazama. "Niliona jina si lake, nikasema hapana. Hakuna aliyenifundisha. Nilisoma tu."

Baada ya hapo akatuonyesha picha. Wamama saba wamesimama ndani ya maji hadi magotini, leso zimelowa, na yule aliyeogopa feri ndiye aliyeingia mbali zaidi. Mwakani wanapanga kwenda Lamu, na tayari wameanza kuchanga.

Ukifika Diani, tukanyagie mchanga. Na kabla ya kubonyeza, soma jina. Safari njema!